Bega la Askari

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona mto ukibeba nyumba na kuku wakiwa bado juu ya paa. Nimeona theluji ikifunika gari langu mpaka nikafukua gari la jirani asubuhi nzima nikidhani ni langu. Nimekimbia askari kabla sijazaliwa, nikiwa tumboni mwa mama aliyevuka mpaka wa Burundi kwa miguu. Nililelewa kambi ya wakimbizi mkoa wa Kigoma, na darasa la tano ndilo lilikuwa chuo kikuu changu. Leo nina malori matatu yenye jina langu mlangoni, na nyumba mbili mtaa wa Black Rock hapa Buffalo, zote nimezipaka rangi kwa mkono huu huu ninaoandikia. Wenye digrii wanakuja kuniomba kazi, nami nawapa. Kwa hiyo nikikwambia kwamba yupo mtu mmoja aliyenishangaza, tena miaka mfululizo, vuta kiti ukae.

Tulimwita Afande. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia, hata mke wake akiwa na hasira. Alikuwa Mkenya. Kwao wapi hasa, sijui, Kenya ni kubwa na sikumuuliza. Nilimkuta Beechmont, kule kusini mwa Louisville, tuliposhushwa na ndege tukiwa na mifuko yetu ya plastiki, na yeye alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Miaka ishirini alikuwa ametumikia jeshi la Amerika, na sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea vijana wanaoshuka kwenye basi wakiwa na nywele ndefu na simu mkononi, akawapigia kelele wiki baada ya wiki, akawatoa upande wa pili wakiwa askari. Vita vya Iraki vilikuwa vimepamba moto, vya Afghanistan vilikuwa havina mwisho, na yeye alikuwa mlangoni akiwaandaa wanaokwenda.

Naandika habari zake kwa sababu ya binti yangu, Furaha. Kulikuwa na wakati nilikuwa karibu kumpoteza mtoto huyo kwa ubishi, wake na wangu, na katikati ya ubishi huo alikuwa amesimama Afande kama mti katikati ya barabara. Hilo nitalifikia. Kwanza umjue mtu mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa imekwisha. Kelele za miaka ile zilimla koo, akabaki na kitu kama mlango unaokwaruza sakafu. Ukiongea naye ilibidi uiname. Alikunywa chai ya tangawizi toka asubuhi mpaka analala, na bado akisema “habari” ulidhani anakupa siri. Sisi tulijua kwa kuambiwa tu kwamba mtu huyu zamani alikuwa anaweza kusimamisha uwanja mzima kwa neno moja. Kusikia, hatukusikia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisema wazi kwamba Afande anatudanganya, kwamba labda jeshini alikuwa anapika.

Kula kwake kulikuwa aibu tupu. Kule kambini kwao kijana alipewa dakika chache za kula, na mwalimu alikula kwa haraka kuliko mwanafunzi, basi ikamkaa mwilini. Tulimwalika harusi ya mpwa wangu. Unajua harusi zetu: sahani imejaa, mchungaji anasimama kuombea chakula, anaanza na Mwanzo, anapita kwa Musa, yuko njiani kwenda kwa manabii. Tulipofumbua macho kwenye “Amina”, sahani ya Afande ilikuwa na mifupa mitupu, na mwenyewe amekunja leso, anatazama mlango.

“Afande,” mke wangu akamwambia, “si ungengoja baraka?”

“Mama Furaha, baraka imekikuta chakula tumboni. Kwani kuna shida?”

Nyumba yake ilikuwa imenyooka kama rula. Viatu vimepangwa vidole vikitazama ukuta, taulo zimekunjwa zote kwa upana mmoja, nyasi za mbele amezikata kwa mistari. Lakini gari lake, bwana! Gari lake lilikuwa jalala. Vikombe vya kahawa, mifuko ya viazi vya kukaanga, soksi, mwavuli uliovunjika, viti vya nyuma huvioni. Nilimuuliza mtu wa nidhamu kama yeye anawezaje. Akanijibu bila aibu: “Jirani, gari hakuna mtu wa kulikagua. Lazima binadamu awe na mahali pa kupumzikia.”

Jioni moja ya kiangazi tulikuwa uani kwetu, nyama iko kwenye moto, Afande akaanza kutueleza taabu za mafunzo. Alitaka tumwonee huruma, nadhani.

“Wanaamshwa jua halijatoka,” akasema.

“Na sisi tuliamshwa na njaa,” shemeji akajibu. “Endelea.”

“Wanapanga foleni ya chakula, hakuna kuongea. Foleni ndefu. Robo saa nzima.”

Tukaangua kicheko. “Robo saa! Afande, mimi nimeota ndevu kwenye foleni ya unga,” nikamwambia.

“Wanalala chumba kimoja, wengi, wamepangwa.”

“Kila mtu kitanda chake?” shemeji akauliza.

“Ndio.”

“Na blanketi?”

“Mbili.”

“Na nyama?”

“Nyama kila siku. Na mayai asubuhi.”

Shemeji akaweka mfupa chini, akapangusa mikono. “Jina mtu anaandikishia wapi?”

Afande alikasirika sasa. “Nyinyi mnacheka. Hamjawahi kupigiwa kelele usoni mpaka mate yawaingie jichoni.”

“Mzee wangu,” mke wangu akasema, “wewe hujawahi kupanga ndoo bombani na wanawake wa kambini kwetu. Wale wangekuliza kabla hujafungua mdomo.”

Hapo hata yeye alicheka, kile kicheko chake cha kukwaruza. Halafu akaeleza jambo jingine. Akasema kila kundi jipya lilipokuja, yeye aliwajua waliokulia kwenye njaa kwa siku ya kwanza tu, kwa sababu walificha mkate mfukoni. Sheria ilisema chakula hakitoki bwaloni. Basi aliwalaza chini wapige pushapu mpaka waloe jasho mbele ya wenzao, kama sheria inavyotaka. Lakini mfukoni hakuingiza mkono. Mkate aliuacha.

“Na nyinyi mngeficha,” akatuambia.

Mke wangu aliangalia pembeni. Chini ya kitanda chetu, hivi ninavyoandika, kuna sukari ya kutosha hata mji ukizingirwa miezi.

Vita hakwenda. Hilo ndilo lililowashinda watu kumwelewa. Vijana wa mtaani walimuuliza, “Afande, uliua wangapi?” naye akajibu, “Mbu.” Aliomba kwenda, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Wakubwa walimwambia anafaa zaidi palepale, anatengeneza askari kama kiwanda kinavyotengeneza matofali. Aliniambia hilo mara moja tu, akiwa amelala chini ya gari langu ananifungia mafla, lile bomba la moshi, nikaona miguu yake tu. Akasema, “Mimi nimebaki nyumbani vita nzima, jirani. Nimewafundisha watu kufunga kamba za viatu, halafu viatu vikaenda bila mimi.” Nikangoja aendelee. Akaniomba spana.

Kwa hiyo kustaafu hakustaafu. Kila asubuhi aliamka akakimbia mitaa ya Beechmont, na kabla mwaka haujaisha nyuma yake kulikuwa na msururu wa vijana wetu, Warundi, Wakongomani, hata Wanepali wawili, wengine wanataka jeshi, wengine wanataka tu kupunguza tumbo. Siku ya kwanza niliyowasikia wanapita dirishani niliruka kitandani. Ilikuwa mchakamchaka! Ile ile ya shule za Tanzania, kiongozi anarusha, kundi linadaka, miguu inapiga ngoma. Kumbe askari wa Amerika nao wanakimbia hivyo hivyo, mmoja anaita na wengine wanaitikia. Afande hakuwa na sauti ya kuita, basi aliteua mtoto wa kuita kwa niaba yake, na aliyeteuliwa mara nyingi alikuwa Furaha. Alikuwa na miaka kumi na minne, miguu kama ya korongo. Aliita mpaka madirisha yakafunguka. Nilisimama barazani nikajisifu kwa kila aliyepita: “Huyo anayeita, huyo wangu.”

Niliona fahari. Sikuona kinachokuja.

Sasa niseme habari ya bega, maana bila hiyo hutamwelewa.

Jeshi lile lina desturi. Mafunzo yakimalizika, siku moja kabla ya gwaride la mwisho, familia zinaalikwa kambini. Vijana wanapangwa uwanjani, wamesimama wima, macho mbele, kidole hakitikisiki. Hawaruhusiwi kuondoka mpaka mtu wao aje awaguse begani. Mama, baba, mchumba, yeyote. Akiguswa ndiyo amefunguliwa, anaruka, analia, anakwenda kula. Asiyeguswa anabaki amesimama. Uwanja unapungua watu, wenzake wanabebwa na shangazi zao, na yeye yuko palepale kama nguzo ya umeme.

Afande kwa miaka yote ya kazi aliwaona hao wanaobaki. Watoto yatima, watoto ambao mama anafanya zamu mbili ghalani na hawezi kuomba ruhusa. Alipostaafu akaanza kuwafuata. Akisikia kijana wa mtu fulani anamaliza na hana wa kwenda, anajaza mafuta lile jalala lake, anaendesha kutwa, anakwenda kumgusa bega, anamlisha, anarudi. Hakuombwa wala hakulipwa. Ukimshukuru anakuuliza kama nyasi zako umezikata.

Safari moja alimpeleka mama mmoja Mkongomani, mjane wa mtaani kwetu, mtoto wake wa pekee anamaliza. Mama kavaa kitenge kipya, kabeba sufuria ya wali na samaki mapajani, mwendo wote. Wanafika, uwanja umejaa, kijana yuko pale, mbele kabisa. Mama hasogei. Familia nyingine zinakimbia, zinakumbatiana, yeye amesimama nyuma ya kamba na sufuria yake.

“Mama, enda,” Afande akamwambia. “Anakungoja.”

“Bon, miye siwezi mugusa, papa.”

“Ni mtoto wako!”

“Najua ni mutoto yangu. Lakini ni askari. Kwetu mtu hagusake askari.”

Afande alinisimulia hayo akitikisa kichwa, kama mtu anayeeleza ajabu. Mimi sikutikisa. Nilimwelewa yule mama kabisa. Askari akiwa kwenye mstari, sisi tunapita mbali, tunainamisha macho, tunaficha watoto. Hilo hatukufundishwa shuleni. Ilibidi Afande amshike mkono yule mama, autembeze kama unavyotembeza mkono wa mtoto kwenye herufi, mpaka ukatua begani. Wali ulimwagika wote. Kijana aliula kutoka kwenye nyasi.

Louisville tuliondoka tukaenda Columbus, Ohio, maana maghala yalikuwa yanaajiri na mimi nilikuwa na njaa ya pesa. Nilipanga maboksi mpaka mgongo ukaniambia inatosha. Nikasema: lori. Lori linalipa. Kuendesha najua, lakini mtihani unataka uzunguke lori zima ukitaja kila kiungo kwa Kiingereza, hiki ni nini, hakina ufa, hakivuji. Mimi wa darasa la tano. Nilifeli. Nikafeli tena. Nikampigia Afande, nikamwambia naacha.

Kesho yake alikuwa uwanjani kwangu, ameshuka kwenye jalala, ana kikombe cha chai. Hakunipa pole. Akanizungusha lori lililoegeshwa pale, mwendo wa mchakamchaka! Yeye anagonga kiungo kwa fimbo, mimi naita jina lake huku nakimbia, anagonga kingine, naita. “Juu! Goti juu, Dereva!” ananong’ona kwa ukali. Nimetoka jasho mpaka viatuni, majirani wanatoka kutazama, watoto wananiitikia kwa Kiingereza safi kuliko changu. Mpaka jua linakwenda magharibi maneno yote yalikuwa yameingia miguuni. Siku ya mtihani nililizunguka lori lao karibu nikiimba. Mtahini alinisimamisha katikati, akaniambia, “Inatosha, bwana, utanichosha mimi.” Nikafaulu! Lori la kwanza, la pili, la tatu, Buffalo, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili. Kila ninachojisifia leo, kuna fimbo ya Afande pahali imegonga.

Basi sasa elewa jinsi nilivyochukia.

Furaha alikuwa na miaka kumi na tisa. Tumeshahamia Buffalo, chuo nimeshamtafutia, cha uuguzi, ada nimeshaiweka. Akaja mezani wakati wa chakula akasema anajiunga na jeshi. Alisema kwa Kiingereza, kama watoto wa huku wanavyosema mambo makubwa.

“Rudia kwa lugha ya mama yako,” nikamwambia.

“Nakwenda jeshini, Papa.”

“Kuna vita.”

“Najua.”

“Bibi yako alikimbia askari na mimi tumboni. Leo wewe unakwenda kuwatafuta? Ada nimelipa! Lori moja ni lako ukitaka. Ghorofa ya juu ni yako. Unakosa nini?”

Akaweka kijiko. “Papa, kila siku unawaambia watu ulijitengeneza mwenyewe. Mbona mimi unataka kunitengeneza?”

 Niligonga meza. Nikasema akitoka mlango huo asinitegemee kwa lolote, na siku akivaa yale mavazi sitakwenda kumwona, nitakuwa sina binti. Akatoka. Akaenda wapi? Louisville. Kwa Afande. Akalala chumba cha taulo zilizonyooka, akakimbia naye asubuhi mpaka siku yake ikafika, na mke wake Afande akamsindikiza kituoni.

Nilimpigia simu nikiwaka. “Afande, umenilia mtoto!”

“Mimi sikumla. Alikuja mlangoni na begi. Ulitaka nimfukuze?”

“Ndiyo!”

“Basi hatujuani, Dereva.”

Nikakata. Tukakaa hivyo kimya, yeye na mimi, miezi. Furaha alikuwa kambini South Carolina akipigiwa kelele na mtu mwingine. Mke wangu aliongea naye zile dakika chache walizoruhusiwa simu, mimi nikiwa chumba cha pili natazama mpira bila kuona mpira.

Siku moja adhuhuri, nilikuwa kwenye ngazi za nyumba ya pili, brashi mkononi, lile jalala likaegesha mbele. Akashuka. Alikuwa amezeeka, shingo imepungua ndani ya kola, lakini shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa ameendesha kutoka Louisville.

“Vaa viatu,” akanong’ona.

“Nimevaa.”

“Viatu vya heshima. Furaha anasimama kesho asubuhi.”

“Nina mzigo Tonawanda saa tisa. Dereva wangu anaumwa, napakia mwenyewe.”

“Mzigo haujui kusimama ukingoja mtu.”

“Basi nenda wewe ukamguse! Si ndiyo kazi yako? Umegusa mabega ya watoto wa watu miaka yote hii.”

Akaja mpaka ngazi ya chini, akaikanyaga na rangi yake mbichi. Alama ya kiatu ipo mpaka leo. “Wale hawakuwa na mtu. Huyu ana baba. Baba yake anapaka ngazi.”

Mke wangu alikuwa ameshatoka na mkoba. Kumbe walikuwa wamepanga.

“Amesema kwenye simu,” Afande akaendelea, “asipokuja Papa, asiguswe na mtu mwingine. Si mimi, si mama yake. Atasimama.”

“Mwisho watamwachia.”

“Ndio. Jioni kuna sajenti atapita, atamgusa kama mtu anazima taa akitoka ofisini. Halafu Furaha atakwenda vitani na hiyo. Na wewe utakuwa umepaka ngazi vizuri sana, sindio?”

Nilisimama na ile brashi. Rangi ilinidondokea kiatuni. Halafu nikapiga simu Tonawanda nikawaambia leo lori haliji, wakanitukana, nikaingia ndani kuoga.

Nikaendesha mimi, kwa sababu Afande anaendesha kama msafara wa mizinga, polepole na taa zimewashwa. Pennsylvania, West Virginia, milima, nikalikanyagia mafuta lile gari mpaka vikombe vikawa vinaruka nyuma. Polisi akatusimamisha. Aliangalia yale matakataka, akaangalia shati la Afande, akashindwa kuunganisha. Akaniandikia faini, tukaendelea. Tulifika asubuhi jukwaa limeshajaa, watu wana maputo na mabango. Tukabanwa kwenye benchi, mke wangu upande huu, Afande upande ule. Mbele uwanja mtupu. Ng’ambo ya uwanja, msitu.

Hapo sasa. Hilo hakuniambia.

Muziki ukalipuka. Msituni ukatoka moshi, mzito, wa rangi, ukaja juu ya nyasi. Na ndani ya moshi, kutoka kwenye miti, wakatoka askari. Wanakimbia. Wanapiga yowe. Wote jukwaani wakasimama kushangilia, na mimi, mwenye malori matatu, nilikuwa chini ya benchi. Sijui nilifikaje. Mke wangu nilikuwa nimemvuta naye, nimemlalia kichwa. Mama mmoja Mmarekani mwenye puto alitutazama kwa huruma, akadhani tumeangusha kitu, akainama kutusaidia kutafuta.

Uso wa Afande ukaja chini, karibu na wangu. Ulikuwa umekunjamana wote. “Nisamehe, ndugu yangu. Miaka yote mimi nautazama moshi huu kutoka upande ule mwingine. Sikufikiria.” Akanipa mkono. “Ni mashine. Ni moshi wa mashine tu. Inuka.”

Nikainuka. Askari walikuwa wamepangwa uwanjani, kimya, mamia, kofia moja, uso mmoja. Kipaza sauti kikasema familia zinaweza kushuka, na jukwaa likamwagika. Mimi nikawa napita kati ya mistari, simjui mwanangu. Nawaambia ukweli, sikumjua! Nikarudi kwenye kamba, na Afande ndiye aliyenionyesha kwa kidevu: “Yule. Mguu wa kulia umetoka nje kidogo. Nilimkataza, hasikii.”

Alikuwa yeye. Mweusi wa jua, mashavu yameisha, amekuwa mrefu au mimi nimefupika. Macho yanapita juu ya kichwa changu. Nikasimama mbele yake.

“Furaha.”

Hakuna. Haruhusiwi kujibu. 

Mkono wangu haukuinuka. Niliuamuru, nao ukakaa ubavuni kama wa mtu mwingine. Mkono uliopaka nyumba mbili! Kila kitu ndani yangu kiliniambia inamisha macho, pita, usiwe karibu na mtu aliyevaa hivyo. Pembeni watu walikuwa wanakumbatiana, mstari unapungua, huyu ameondoka, yule ameondoka. Furaha akabaki na nafasi pande zote mbili. Mke wangu alikuwa analia nyuma ya kamba akiita, “Baba Furaha, mguse! Mguse basi!” Nikaona kidevu cha mtoto kinaanza kutetemeka, na kwamba anapigana nacho, na kwamba anashindwa.

Ndipo nikaisikia.

“DEREVA! MKONO JUU!”

Nakuapia, ndege waliruka kutoka kwenye miti. Ilitoka nyuma yangu, kwenye koo lile lililokwisha, sauti kama bati la paa linalong’olewa zima zima. Watoto waliacha kulia. Masajenti wenye kofia zao pana waligeuka wote pamoja, na kijana mmoja aliyekuwa ameshaguswa, yuko na mchumba wake, alirudi akasimama wima. Na mkono wangu ulikuwa juu. Umekwenda wenyewe. Ukashuka ukatua begani kwa binti yangu, na chini ya kitambaa kile kigumu nikakuta kifupa kile kile nilichokuwa nakishika nikimvusha barabara.

Akaniangukia. Aliniangusha, niseme ukweli, tukawa chini wote kwenye nyasi.

“Mbona umechelewa, Papa?” akasema kwa Kiswahili, mdomo uko sikioni kwangu. “Miguu yangu imekufa ganzi.”

“Tulikamatwa na polisi,” nikamwambia, na tukacheka kama wendawazimu.

Afande hakusogea. Alisimama nyuma ya kamba, amejishika koo kwa mikono miwili, anacheka bila sauti yoyote. Tangu siku ile hata ule mkwaruzo haukurudi. Akitaka chai anaonyesha kikombe. Daktari alimwambia alichofanya ni ujinga, na mke wake akamwambia hivyo hivyo, na yeye akaandika kwa kidole kwenye meza, mbele yangu: INGEKUWA WEWE UNGEFANYAJE?

Furaha alikwenda alikotumwa na akarudi mzima. Hayo ni yake kuyasimulia.

Watu wa mjini wakinikuta wananiuliza biashara, nami nawaambia, sifichi. Nyumba ya kwanza nilinunua kwa bei ya kutupa, lori la tatu nililipa taslimu. Lakini kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonunua Amerika ni bega lile. Faini ya West Virginia, adhabu ya mzigo wa Tonawanda, mafuta kwenda na kurudi, hoteli, na chakula alichokula mtoto yule siku hiyo kama nzige, nimejumlisha mwenyewe kwa hesabu yangu ya darasa la tano, na imetoka sawasawa: dola elfu mbili mia moja themanini na saba na senti arobaini.